Priest, pastor, minister, reverend: neno lipi kwa mtu yupi

Mtu anayetafsiri cheti cha ubatizo cha kupeleka ubalozini, au anayeandika ratiba ya mazishi kwa Kiingereza kwa ajili ya ndugu walioko ughaibuni, hufika mahali pa kumtaja kiongozi wa ibada akakwama. Aandike priest? Pastor? Minister? Reverend? Wengi huchukua lile lenye sauti nzito zaidi wakaendelea na kazi. Hapo ndipo padri wa Kikatoliki anapogeuzwa mchungaji wa Kipentekoste, au mwanamke aliyepewa daraja katika kanisa la Kianglikana anapoitwa kwa neno la mahekalu ya kale.

Maneno haya manne si majina manne ya cheo kimoja. Kila moja linajibu swali lake. Priest linasema mtu amepewa daraja gani. Pastor linasema ana kundi gani la kuchunga. Minister linataja huduma anayoitoa. Reverend ni namna ya kumwandika kwenye bahasha. Padri Mkatoliki aliye paroko mjini Chicago ni priest kwa daraja, ni pastor kwa kazi yake parokiani, ni minister wa sakramenti anapobatiza, na barua yake itaandikwa Reverend. Mchungaji wa Kipentekoste wa Mwanza naye ni pastor, ni minister, na huenda akaandikwa Reverend vilevile. Lakini ukimwita priest umempa daraja ambalo kanisa lake halina, na yeye mwenyewe atalikataa.

Priest: neno moja lenye mizigo miwili

Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu Kiingereza kimeweka ndani yake mambo mawili ambayo Kigiriki cha Agano Jipya kiliyatenga.

La kwanza ni hiereus, mtu wa hekalu anayetoa sadaka. Biblia ya Kiswahili humwita kuhani. La pili ni presbyteros, maana yake mzee, yule aliyewekwa kusimamia kanisa la mahali fulani. Neno priest kwa asili yake limetoka kwa huyu wa pili: presbyteros ya Kigiriki ikawa presbyter ya Kilatini, na Waingereza wa kale wakaifupisha kuwa prēost. Lakini walipohitaji neno la kumtaja Haruni na wanawe, hawakutafuta lingine. Wakatumia hilohilo. Toka hapo, msomaji wa Kiingereza akiona priest hajui mara moja kama anasoma habari za mtoa sadaka au za mzee wa kanisa.

Agano Jipya lenyewe halimpi mhudumu yeyote wa kanisa cheo cha hiereus. Linakitumia kwa makuhani wa Kiyahudi, kwa kuhani wa Zeu katika Matendo 14, kwa Kristo mwenyewe katika Waraka kwa Waebrania, na kwa waumini wote kwa pamoja, kama katika Ufunuo 1:6. Nao 1 Petro 2:9 unawaita waumini hao ukuhani wa kifalme. Baadaye, kufikia karne ya 3, waandishi wa Kilatini wa Afrika Kaskazini kama Tertullian na Cyprian wa Carthage walikuwa wakimwita askofu sacerdos, yaani kuhani. Kanisa Katoliki na makanisa ya Kiorthodoksi yanaona huko ni kukua kwa imani ileile: Ekaristi ni sadaka, na anayeiongoza ana ukuhani. Makanisa mengi yaliyotokana na Matengenezo, yaani ya Kiprotestanti, yanakataa. Martin Luther aliandika mwaka 1520 kwamba Wakristo wote ni makuhani kwa ubatizo wao.

Ugomvi huu ulipita katikati ya kazi ya kutafsiri, na mtu alilipa kwa maisha yake. William Tyndale, alipochapisha Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1526, alimtafsiri presbyteros kuwa senior badala ya priest. Thomas More, mtetezi wa Ukatoliki, alimshambulia kwa maandishi mwaka 1529, na neno hilo lilikuwa miongoni mwa mashtaka yake makubwa. Mwaka 1534 Tyndale alibadilisha akaweka elder. Mwaka 1536 aliuawa kwa uzushi karibu na Brussels. Lakini Biblia ya King James ya 1611 ilifuata njia yake: elder kwa mzee wa kanisa, priest kwa kuhani. Wakatoliki wa Kiingereza, katika Agano Jipya lao la Rheims la 1582, waliandika priests pale Yakobo 5:14 anaposema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, kwa kuwa Mpako wa Wagonjwa unasimama juu ya aya hiyo na anayeutoa ni padri.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, na sioni ikisemwa vya kutosha. Lugha yetu imetunza tofauti ambayo Kiingereza kiliipoteza. Tuna kuhani, kutoka Kiarabu, lenye udugu na kohen la Kiebrania. Tuna kasisi, nalo kutoka Kiarabu, ambalo Waarabu walilipata kwa Wakristo wa Kisiria; huko maana yake ni mzee, sawasawa na presbyteros. Kisha tuna padri au padre, lililoachwa na Wareno, maana yake baba. Kwa hiyo ukitoka Kiingereza kwenda Kiswahili ni lazima upasue neno: priest wa Kitabu cha Walawi ni kuhani, priest wa parokia ya Kikatoliki ni padri. Ukienda upande wa pili, makuhani na mapadri wote wanaishia kuwa priests, na inakubidi uongeze maelezo, kama vile Jewish priest au Catholic priest, ili msomaji asipotee.

Kosa baya kuliko yote ni kuandika padri mkuu kwa high priest. Kayafa hakuwa padri. Ni kuhani mkuu, na tafsiri zetu za Biblia hazitofautiani hapo.

Priest au pastor?

Swali hili hujibiwa na wengi kwa ndoa: asiyeoa ni priest, aliyeoa ni pastor. Kipimo hicho ni kibovu. Mapriest wa Kianglikana wengi wana wake au waume na watoto. Katika makanisa ya Kiorthodoksi, yakiwemo yaliyoko Kenya na Uganda, mwanamume aliyekwisha kuoa anaweza kupewa upadri; asichoweza ni kuoa baada ya kuupokea. Hata ndani ya Ukatoliki, makanisa ya Mashariki yaliyoungana na Roma yana mapadri wenye ndoa. Useja ni kanuni ya Kanisa la Kilatini, yaani Ukatoliki wa Magharibi, na hauingii katika maana ya neno.

Kipimo cha kweli ni madhabahu. Uliza: kanisa hili linaamini kwamba mtu huyu, kwa kuwekewa mikono na askofu, amepokea daraja la kudumu linalomwezesha kuadhimisha Ekaristi, jambo ambalo muumini wa kawaida hawezi kulifanya? Likijibu ndiyo, andika priest. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Wakatoliki, Waorthodoksi, Wakoptiki na Waanglikana. Likijibu kwamba huyu ni muumini kama wengine aliyeitwa kufundisha na kulea kundi, andika pastor au minister. Hapo wako Wapentekoste, Wabaptisti, Wasabato, Wapresbiteri, Wamoravian na Africa Inland Church.

Waanglikana wanahitaji uangalifu wa pekee kwa upande wetu. Kwa Kiingereza daraja lao ni priest, bila shaka. Lakini kwa Kiswahili cha Tanzania, huko Zanzibar na Masasi, walikohubiri wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana lenye mwelekeo wa Kikatoliki, watu wamezoea kusema padri. Dodoma na kwingine walikopita wamisionari wa CMS, shirika jingine la Kianglikana, mara nyingi utasikia mchungaji. Kenya husema kasisi. Mtu mmoja mwenye daraja moja anaweza kuvaa majina matatu kwa kuhama dayosisi tu. Basi usitafsiri mchungaji kuwa pastor kabla hujauliza ni mchungaji wa kanisa gani. Ikiwa ni la Kianglikana na cheti kinasema amepewa daraja la pili baada ya ushemasi, Kiingereza sahihi ni priest.

Walutheri wako katikati. Mchungaji wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, kwa Kiingereza huitwa pastor, na hakuna anayeshangaa. Ila barua ikitoka au kwenda Sweden, utakuta Kanisa la Sweden, ambalo pia ni la Kilutheri, likiwaita wahudumu wake priests linapoandika Kiingereza. Usiwasahihishe. Walihifadhi neno lao tangu kabla ya Matengenezo.

Mtego mwingine uko Marekani. Mkatoliki wa kule akisema “our pastor” anamtaja paroko, yaani padri mwenye dhamana ya parokia nzima. Uingereza paroko huyohuyo huitwa parish priest. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaafikiana na matumizi hayo ya Marekani: inamweleza paroko kuwa mchungaji halisi wa parokia aliyokabidhiwa. Kwa hiyo ndugu yako wa Houston akikuandikia kwamba pastor wake amembatizia mtoto, usimhuzunikie kuwa ameacha Ukatoliki.

Kuna pia jambo la heshima kwa wanawake. Kiingereza kina neno priestess, na mwandishi asiyejua hulichukua akidhani ni umbo la kike la priest. Hutumika hasa kwa dini zisizo za Kikristo, kama zile za kale za Wagiriki, Warumi na Wamisri. Mwanamke mwenye daraja katika kanisa la Kianglikana huitwa priest, basi. Florence Li Tim-Oi alipewa daraja hilo mwaka 1944 nchini China wakati wa vita. Kanisa la Uingereza lilianza kuwapa wanawake mwaka 1994. Na Kenya ilipata askofu msaidizi mwanamke, Emily Onyango wa Bondo, mwaka 2021. Kuwaita priestess ni kuwatoa kanisani mwao kwa kalamu. Pastor na minister nayo hayana umbo la kike linalohitajika, andika hivyohivyo.

Minister: mtumishi, na waziri pia

Kwa Kilatini minister ni mtumishi, yule aliye chini, na kinyume chake ni magister, yule aliye juu, ambaye ndiye mwalimu au bwana. Serikali ililichukua neno hilo kwa waziri na kanisa likalichukua kwa mhudumu. Ukiandika “the Minister arrived late” katika habari ya harambee iliyohudhuriwa na waziri na mchungaji, umemwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Andika Cabinet Secretary au Minister for fulani kwa mmoja, na pastor au church minister kwa mwingine.

Kwa Wapresbiteri, Wamethodisti na makanisa ya mlengo huo, minister ndilo jina rasmi. Katika PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, mhudumu aliyewekewa mikono ni minister, na wale wanaomzunguka katika uongozi ni elders, wazee wa kanisa.

Kwa Wakatoliki, minister ni pana kuliko daraja, na hapa wengi hujikwaa. Mlei anayesaidia kugawa Komunyo huitwa extraordinary minister of Holy Communion. Huyo si padri wala shemasi. Jambo linalowashangaza hata waumini wa siku nyingi ni kwamba, kwa mafundisho ya Kanisa la Kilatini, wahudumu wa sakramenti ya ndoa ni bwana na bibi harusi wenyewe. Padri ni shahidi anayepokea ahadi zao kwa niaba ya Kanisa. Kwa hiyo katika cheti cha ndoa ya Kikatoliki, “officiating priest” linakaa vizuri zaidi kuliko “minister” peke yake.

Upana huohuo ndio faida ya neno hili pale unapotaka kuwakusanya wote. Uingereza ina viza inayoitwa Minister of Religion, na maimamu na marabi huiomba pamoja na wachungaji. Ukijaza fomu ya aina hiyo, minister si kosa hata kama mhusika ni sheikh; ni lugha ya sheria. Nje ya fomu, usimwite sheikh minister.

Reverend

Hiki ni kivumishi: anayestahili heshima. Hakitaji kazi wala daraja, na kwa sababu hiyo kinawafaa mapadri, makasisi na wachungaji bila kugombanisha makanisa. Kwa desturi ya zamani ya Kiingereza cha Uingereza huandikwa pamoja na jina la kwanza, “the Reverend John Smith”, wala si “Reverend Smith” na wala si “the reverend amefika”. Marekani na kwetu watu wamelegeza, na katika mazungumzo sioni haja ya kuwakemea. Katika barua rasmi na kwenye jiwe la msingi, fuata ule utaratibu wa kale, kwa kuwa hakuna atakayekulaumu.

Ngazi zake kwa Waanglikana zina mpangilio: askofu ni the Right Reverend, askofu mkuu ni the Most Reverend, dean wa kanisa kuu ni the Very Reverend, na archdeacon ni the Venerable. Wakatoliki wa Marekani na wa kwetu humwandika kila askofu Most Reverend, awe mkuu au si mkuu. Kardinali ni His Eminence, yule ambaye sisi tunamwita Mwadhama, na askofu wa Kikatoliki kwa Kiswahili cha Tanzania ni Mhashamu. Kwa padri wa kawaida, “Rev. Fr.” imeenea Afrika Mashariki na inaeleweka, ina ubora wa kuonyesha papo hapo kuwa huyu ni padri na si mchungaji.

Vicar, rector, curate, na mkanganyiko wa Kifaransa

Vicar ni kaimu, anayeshika nafasi ya mwingine. Katika Uingereza ya zamani rector alipokea zaka zote za parokia, ikiwemo ya nafaka. Pale ambapo monasteri ndiyo iliyomiliki haki hiyo, iliweka vicar afanye kazi kwa niaba yake, naye akaishi kwa zaka ndogondogo. Leo zaka hizo hazipo, lakini majina yamebaki, na wote wawili ni wakuu wa parokia za Kianglikana. Curate siku hizi ni msaidizi wao, kwa kawaida aliye mpya katika daraja.

Kwa Wakatoliki mambo yanapinduka: parochial vicar ni paroko msaidizi. Vicar general ni makamu wa askofu kwa jimbo zima, mtu mzito. Na rector mara nyingi ni mkuu wa seminari, ambaye Tanzania tunamwita gombera.

Wasomaji wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura, waliosoma kwa Kifaransa, wana mtego wa ziada. Curé wa Kifaransa ni paroko, na vicaire ni msaidizi wake. Ukivibeba hivyo kwenda Kiingereza cha Kianglikana, curate anakuwa msaidizi na vicar anakuwa mkuu: kinyume kabisa. Nimeona barua ya utambulisho ambayo kwayo paroko mzima alishushwa cheo hivyo. Curé mwandike parish priest. Abbé, jina la padri wa jimbo huko Kongo na Burundi, mwandike Father, maana abbot kwa Kiingereza ni mkuu wa abasia.

Na huyo padri wa jimbo, asiye wa shirika la kitawa, Kiingereza humwita diocesan priest au secular priest. Secular hapo haina maana ya asiye na dini. Ina maana ya anayeishi katikati ya watu. Kama hadhira yako si ya kanisani, chagua diocesan.

Wengine kwa ufupi

Deacon ni shemasi, lakini pima kanisa. Kwa Wakatoliki na Waanglikana ana daraja: anabatiza, anahubiri na anaweza kufungisha ndoa, ila haongozi Misa wala haondolei dhambi. Kwa Wabaptisti ni mlei aliyechaguliwa na usharika.

Elder ni mzee wa kanisa, isipokuwa kwa Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni), ambako kijana mmisionari wa miaka 18 anaitwa Elder, na kijana wa miaka 16 anaweza kuwa priest.

Chaplain hutajwa kwa mahali anapohudumu: hospitali, jeshi, gereza, shule. Anaweza kuwa padri, mchungaji, au Mwislamu. Vyuo vikuu vingi vya Uingereza na Marekani vina Muslim chaplain.

Clergy ni jina la kundi zima. Usiandike “a clergy” wala “clergies”, kosa ambalo magazeti yetu ya Kiingereza hulirudia. Mmoja ni cleric, au member of the clergy.

Nje ya Ukristo

Uislamu hauna ukuhani. Imamu anaongoza sala, sheikh ni msomi anayeheshimiwa, kadhi ni hakimu, na hakuna hata mmoja anayesimama kati ya mja na Mola wake kwa daraja alilopewa. Priest halimfai yeyote kati yao. Magazeti ya Kiingereza huandika Muslim cleric, na linavumilika, lakini imam, sheikh na kadhi yameshaingia Kiingereza, yaandike yalivyo.

Kwa msomaji wa pwani neno kuhani lenyewe linahitaji tahadhari. Katika Qur'ani kahin ni mtabiri anayedai kupashwa habari za ghaibu, na sura ya 52 na ya 69 zinakanusha kwamba Mtume ni mmoja wao. Tafsiri ya Kiswahili ya Ali Muhsin Al-Barwani imeandika kuhani hapo. Kwa hiyo Mkristo akimwambia jirani yake Mwislamu kwamba Yesu ni kuhani mkuu, amesema jambo tukufu, na jirani anaweza kusikia mpiga ramli mkuu. Katika maandishi ya watu wa dini zote mbili, eleza mara moja kwamba unamkusudia mtoa sadaka wa hekaluni. Na ukitafsiri aya hizo za Qur'ani kwenda Kiingereza, andika soothsayer. Priest itakuwa upotoshaji mkubwa.

Rabi wa Kiyahudi naye si priest. Ni mwalimu wa sheria. Makuhani wa Kiyahudi, makohen, ni ukoo wa Haruni, na tangu Hekalu la Yerusalemu libomolewe mwaka 70 hawatoi tena sadaka, ingawa wazao wao bado hubariki watu katika sinagogi. Kwa upande wa Wahindu, anayefanya ibada hekaluni anaweza kuitwa Hindu priest bila kosa, kwa kuwa kazi yake ni matoleo mbele ya madhabahu.

Ukiwa na hati isiyosema wazi, usikisie kwa vazi wala kwa picha. Kola nyeupe huvaliwa na mapadri, makasisi wa Kianglikana na wachungaji wengi wa Kilutheri. Tazama mhuri. Neno parokia, usharika, dayosisi au jimbo litakusogeza karibu na kanisa lenyewe, na kifupi kabla ya jina kitamaliza: Pd. au Fr. ni priest, Kas. wa Kianglikana ni priest, Mchg. mwenye mhuri wa KKKT ni pastor, Mchg. mwenye mhuri wa dayosisi ya Kianglikana ni priest. Mhuri ukiwa umefutika na huna wa kumuuliza, “member of the clergy” ni sahihi kwa wote hao, na jina lake liandike kama lilivyo kwenye hati.